Shina, Mama au Asilia? Uhakiki wa Istilahi za Seli katika Maandishi ya Uzee na Saratani

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache zinazotumika katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo aina moja ya seli za mwili, yaani zile ambazo wataalamu wa elimuviumbe huzihesabu kuwa chimbuko la seli nyingine za kiungo, na ambazo katika miongo ya karibuni zimekuwa kiini cha mjadala juu ya uzee na saratani. Istilahi hizo zimekwisha kuingia katika vitabu vya shule, katika magazeti, katika vijikaratasi vya wagonjwa na, jambo lililo zito zaidi, katika fomu za ridhaa ambazo mgonjwa au mzazi wake hutia sahihi kabla ya tiba. Kila moja imeingia kwa mlango wake. Mfasiri mmoja huandika seli za shina, wa pili seli mama, wa tatu seli asilia, wa nne seli msingi. Na msomaji anayesoma maandishi mawili hana njia ya kujua kwamba anasoma habari ya kitu kimoja.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ugomvi wa maneno tu, na kwamba daktari atamweleza mgonjwa kwa mdomo. Hatukubaliani nao. Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikiwapandikizia uloto watoto wenye ugonjwa wa selimundu. Katika tiba hiyo kinachofanya kazi ni seli tunazozizungumza hapa: hutolewa kwa mtu mzima wa afya, mara nyingi ndugu wa tumbo moja aliyelingana na mgonjwa, zikaingizwa mwilini mwa mtoto ili zimwoteshee damu mpya. Mzazi huambiwa faida na hatari, kisha huulizwa kama anaridhia. Maneno yaliyomo katika karatasi ile ndiyo ridhaa yake. Neno likiwa na maana mbili, ridhaa nayo huwa na maana mbili, na hapo mdomo wa daktari hausaidii sana, maana karatasi hubaki na maneno ya mdomo hupotea.

Kabla ya kuhukumu istilahi yafaa tuiangalie dhana yenyewe. Mwaka 1961 James Till na Ernest McCulloch, watafiti wa Toronto, Kanada, walieleza jaribio lao juu ya panya waliopigwa mionzi mikali hata uloto wao ukashindwa kutengeneza damu. Panya hao walidungwa seli za uloto za panya wazima, na baada ya siku chache vikaonekana vinundu katika wengu zao. Idadi ya vinundu ilikwenda sambamba na idadi ya seli zilizodungwa. Mwaka 1963 watafiti hao pamoja na Andrew Becker walionyesha kwamba kila kinundu kilitokana na seli moja tu. Seli moja ilizaa seli za damu za aina mbalimbali, na baadhi ya vinundu vilikuwa na seli nyingine zenye uwezo uleule wa kuanzisha vinundu vipya.

Hizi ndizo sifa mbili zinazoibainisha dhana. Kwanza, seli hiyo huweza kujizalisha yenyewe, yaani ikigawanyika huacha nyuma yake seli iliyo kama yeye. Pili, huweza kuzaa seli zenye kazi maalumu: chembe nyekundu za damu, seli za ngozi, seli za utando wa utumbo. Istilahi yoyote itakayopendekezwa si lazima ibebe sifa zote mbili, kwa kuwa istilahi si maelezo kamili ya dhana. Lakini haifai ipingane na hata mojawapo.

Tuanze na seli mama, kwa sababu ndiyo inayopendwa na wengi. Kuvutia kwake ni dhahiri. Mama huzaa, nayo seli hii huzaa. Neno ni jepesi, mwanafunzi hulishika mara moja. Kasoro yake ni kwamba nafasi hiyo imekwisha kukaliwa. Katika somo la mgawanyiko wa seli, walimu wetu wamekuwa wakiita kila seli inayogawanyika seli mama, na zile mbili zinazopatikana, seli binti. Kwa maana hiyo seli yoyote ya ngozi, ya ini, hata ya saratani, ni seli mama wakati inapogawanyika. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo katika kidato cha pili, akikutana na seli mama katika makala ya saratani, ataelewa kwamba kila seli inayogawanyika ina uwezo wa kuotesha kiungo kizima, na hilo ni kinyume cha dhana. Istilahi moja imepewa dhana mbili katika taaluma moja. Kosa hili ndilo la kwanza ambalo mtunzi wa istilahi hufunzwa kuliepuka.

Kuna na hatari nyingine, isiyo ya darasani. Mzazi akisoma kwamba mtoto wake atapewa seli mama, ni lipi litakalomzuia kudhani kwamba mtoaji lazima awe mama wa mtoto? Tumeeleza kwamba mara nyingi mtoaji anayefaa ni ndugu. Kwa familia ambayo mama amefariki, au yuko mbali, neno hilo moja laweza kuifunga njia ambayo kwa kweli iko wazi.

Seli asilia ni mbaya zaidi, na hapa hatutatafuta maneno ya upole. Neno asilia kwa Kiswahili cha leo linaelekea upande wa mambo yasiyochanganywa na kemikali: dawa asilia, chakula asilia, sabuni asilia. Msomaji hasikii tena "chimbuko", husikia "salama". Sasa, duniani kote wapo wauzaji wa vidonge, mafuta na sindano zinazodaiwa kuurudisha ujana kwa nguvu za seli hizi. Tiba iliyothibitika kwa upana hadi leo ni ile ya kuotesha upya damu, pamoja na nyingine chache kama zile za ngozi iliyoungua na za kioo cha jicho. Mengi mengineyo yangali katika majaribio, na baadhi ni udanganyifu mtupu. Mfasiri anayeandika asilia humfanyia muuzaji kazi ya matangazo bila malipo.

Seli msingi tunaipita haraka. Haina madhara, lakini pia haina maana: seli zote ni msingi wa mwili, ndivyo kitabu cha darasa la sita kinavyosema.

Tunabakiwa na shina. Neno hili limetokana na tafsiri ya Kiingereza, nacho Kiingereza kililitoa katika Kijerumani. Mwaka 1868 Ernst Haeckel, mwanaviumbe wa Ujerumani, alitumia neno Stammzelle kukitaja kiumbe cha seli moja alichokidhania kuwa mzazi wa viumbe vyote; baadaye aliliingiza pia katika habari ya yai lililorutubishwa. Katika Kijerumani Stamm ni shina la mti, lakini vilevile ni kabila, ukoo, nasaba. Kwa Haeckel, aliyependa sana kuchora miti ya nasaba ya viumbe, maana ya pili ndiyo iliyokuwa mbele. Kiingereza kilipolipokea kiliuchukua mti na kuuacha ukoo. Ndiyo maana wapo wanaolalamika kwamba shina ni picha isiyofaa, kwani shina la mti limesimama tu na kubeba matawi, halizai kitu.

Lalamiko hilo lingekuwa na nguvu kama Kiswahili kingekuwa Kiingereza. Lakini shina la Kiswahili halijaachana na nasaba. Tunasema shina la ukoo, shina la ugomvi, kulijua jambo shina na mizizi yake. Kiswahili, kwa bahati njema na bila kukusudia, kimerudisha maana ambayo Haeckel alikuwa nayo na Waingereza wakaipoteza njiani. Kwa hiyo sisi tunaliunga mkono neno shina, si kwa sababu limetafsiriwa sawasawa kutoka Kiingereza, bali kwa sababu linasimama kwa miguu yake lenyewe.

Hata hivyo, tunaomba jambo moja ambalo kwa wengine litaonekana dogo: iandikwe seli shina, isiandikwe seli za shina. Kiunganishi kile kinabadili maana. Seli za shina ni seli zilizomo katika shina la mmea, zile ambazo mwanafunzi huziangalia kwa hadubini baada ya kukata kipande cha mhindi kwa wembe. Dhana hiyo ipo, inafundishwa, na haina jina jingine. Seli shina, kwa upande mwingine, ni muundo wa nomino mbili uliozoeleka, kama askari kanzu au bata mzinga: nomino ya pili yaeleza namna ya ile ya kwanza. Askari kanzu si askari wa kanzu, anayezilinda kanzu.

Tunaruhusu mzaha mmoja hapa. Katika Tanzania, tangu miaka ya 1960, neno la Kiingereza ambalo leo tunalitohoa kuwa seli lilipoingia katika siasa kwa maana ya kundi la nyumba kumi, halikutoholewa. Liliitwa shina, na juu ya shina likawekwa tawi. Kwa mwanasiasa wa zamani, basi, seli shina ni shina shina. Hatudhani kwamba yupo mgonjwa atakayedhani anapandikiziwa balozi wa nyumba kumi; twataja tu ili kuonyesha kwamba watangulizi wetu walikuwa na ujasiri wa kutohofia neno la nyumbani.

Seli inayotokana na seli shina na kushika kazi maalumu imeitwa seli komavu, seli tofautishwa, seli maalumu. Tunapendekeza seli bobezi. Kitenzi kubobea kimeenea, na hospitali zetu zimekwisha kuwazoeza wananchi kusikia habari za daktari bingwa bobezi. Seli shina hubobea, inakuwa seli bobezi: mwenendo wote unasemeka kwa mzizi mmoja. Komavu tunaikataa kwa sababu itakayoonekana mara tutakapofika kwenye uzee, na sasa tumefika.

Wataalamu husema kwamba mwili huzeeka kwa sehemu kubwa kwa kuwa seli shina zake hupungukiwa na uwezo wa kufanya upya kilichochakaa. Jeraha huchelewa kufunga, msuli uliopungua haurudi upesi, kinga ya mwili hulegea. Lakini kwa nini zipungukiwe? Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa panya juu ya jeni iitwayo p16, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli isiendelee kugawanyika. Ilionekana kwamba kadiri panya anavyozeeka ndivyo jeni hiyo inavyozidi kufanya kazi katika seli shina za damu na za ubongo, na hata katika seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na seli hizo zikazidi kupoa. Panya walioondolewa jeni hiyo walibaki na uwezo mkubwa zaidi wa kuotesha tishu uzeeni. Na wakati huohuo ilikwisha kujulikana kwamba panya wasio na jeni hiyo hupatwa na saratani kwa wepesi zaidi. Breki moja, basi, ina kazi mbili: inazuia saratani na inaleta uzee. Ukiilegeza kwa ajili ya moja, unalipa kwa nyingine.

Msomaji ataona kwamba jambo hili haliwezi kuelezwa kwa Kiswahili bila kupambanua hali tatu za seli ambazo wafasiri wengi huzifunika kwa kitenzi kimoja cha kupumzika. Ipo seli iliyotulia kwa muda, nayo huweza kuamshwa ikagawanyika tena; seli shina nyingi huishi hivyo kwa muda mrefu. Ipo seli iliyoacha kugawanyika moja kwa moja, ingawa i hai, inakula, na inatoa kemikali zinazowasumbua jirani zake. Na ipo seli iliyokufa. Kwa ile ya kwanza tunapendekeza seli iliyolala, kwa sababu aliyelala huamka. Ile ya tatu haina tatizo. Ya pili ndiyo inayotushinda.

Baadhi huiita seli zee au seli kongwe. Hatuafiki, kwani seli huweza kufikia hali hiyo katika mwili wa kijana baada ya kupigwa mionzi, au pale jeni fulani inapoisukuma kuelekea saratani na mwili ukaisimamisha. Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha mwaka 1961, huko Philadelphia, kwamba seli za kawaida za binadamu zinazofugwa katika chupa hugawanyika takriban mara 50 kisha huacha. Hilo ndilo lililowafanya watu waifananishe hali hiyo na uzee. Lakini mfano si dhana. Wengine wamejaribu seli iliyokoma. Maana yake ni sahihi kabisa. Ila weka kando yake seli iliyokomaa, ambayo ndiyo ile seli komavu ya wafasiri wetu, na utaona kwamba herufi moja tu inasimama kati ya seli iliyobobea kazini na seli iliyoacha kazi. Mpiga chapa mmoja mwenye usingizi atatosha kuiharibu sura nzima. Katika mjadala mmoja mwenzetu alipendekeza seli staafu, akieleza kwamba mstaafu hafi, haendi ofisini, lakini hachoki kuwaandikia barua waliobaki. Tulicheka, na tukakubali kwamba hakuna mfano ulio bora zaidi wa darasani. Istilahi, hata hivyo, haiwezi kuwa kejeli juu ya wazee wetu. Kwa sasa tunashauri mfasiri aandike kwa urefu: seli iliyoacha kugawanyika.

Jambo moja zaidi juu ya uzee, kabla hatujaliacha. Mwaka 2014 vikundi kadhaa vya watafiti vilitoa taarifa kwamba katika watu waliozidi miaka 70, takriban mmoja kati ya kumi ana damu ambayo sehemu yake kubwa kupita kawaida inatokana na seli shina moja iliyopata badiliko la jeni na kuzidi nguvu wenzake. Huo si ugonjwa wa saratani. Mwenye hali hiyo huweza kuishi hadi kufa kwake bila saratani ya damu, ingawa hatari yake imepanda, pamoja na ile ya magonjwa ya moyo. Kundi kama hilo la seli lililotokana na moja limekuwa likiitwa kloni. Sioni sababu ya kuliacha neno ukoo lililo tayari: ukoo mmoja umeitawala damu. Mzee atakayeambiwa hivyo ataelewa, na hatakwenda nyumbani akidhani amehukumiwa.

Katika saratani yenyewe mashaka ya istilahi yanageuka kuwa mashaka ya maisha. Mwaka 1994 John Dick na wenzake wa Toronto walionyesha kwamba, katika aina moja ya saratani kali ya damu, seli chache tu kati ya zote za mgonjwa ndizo ziwezazo kuuanzisha ugonjwa upya zikihamishiwa katika panya wasio na kinga. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipata matokeo ya namna hiyo katika saratani ya matiti: seli mia moja tu za aina fulani zilitosha kuotesha uvimbe, ilhali makumi ya maelfu ya zile nyingine hazikuweza. Seli hizo chache zimepewa jina ambalo kwa Kiswahili limefasiriwa seli shina za saratani.

Tafsiri hiyo, ingawa inafuata neno kwa neno, ina mitego miwili. Msomaji asiye mtaalamu huisoma kana kwamba seli shina ndizo saratani. Na huyohuyo kesho ataambiwa kwamba mtoto wake atapandikiziwa seli shina. Mtego wa pili ni wa wataalamu. Jina hilo huwafanya wadhani kwamba lazima seli hizo ziwe zimetokana na seli shina za kawaida zilizoharibika. Huenda ikawa hivyo, na huenda isiwe. Katika baadhi ya saratani seli iliyokwisha kuanza kubobea hurudishiwa tabia ya kujizalisha. Watafiti waliziita hivyo kwa kutazama tendo lake, si asili yake, na tendo lenyewe ni moja: ukiufyeka uvimbe, zikibaki hizo, utachipua tena.

Mkulima ana neno la kitu kama hicho. Ni kisiki. Mti umekatwa, shamba limefyekwa, mtu amekwenda zake, na mvua ikinyesha machipukizi yanatoka. Mkoani Dodoma wakulima wanaohifadhi machipukizi hayo ili miti irudi huiita kazi yao kisiki hai, na hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Tunapendekeza seli kisiki. Seli shina ibaki ya mwili mzima, seli kisiki iwe ya saratani. Watakaopinga watasema kwamba tunaukata uhusiano ambao wanasayansi wameuweka kati ya majina mawili. Ni kweli, na tunafanya hivyo kwa makusudi. Uhusiano haukukatika kabisa, kwani kila kisiki kilikuwa shina. Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile la Dodoma: kama kisiki hai ni jambo jema, itakuwaje seli kisiki iwe jambo baya? Jibu letu ni kwamba wema wa kisiki hutegemea shamba. Anayetaka miti hukihifadhi, anayetaka mahindi huking'oa, na Kiswahili kimezibeba nia zote mbili bila taabu. Wala hatusahau kwamba mtu asiyetikisika huitwa kisiki cha mpingo.

Faida ya neno hili huonekana pale mgonjwa anapoelezwa sababu ya kuendelea na dawa. Dawa nyingi za saratani hushambulia seli zinazogawanyika. Seli kisiki iliyolala hupitwa. Katika lukemia sugu ya mieloidi, dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, iliwageuzia wagonjwa wengi ugonjwa wa kuua kuwa ugonjwa wa kuishi nao. Taarifa ya majaribio yaliyofanywa Ufaransa, iliyotolewa mwaka 2010, ilihusu wagonjwa ambao kwa miaka miwili au zaidi vipimo havikuona dalili yoyote ya ugonjwa, wakaachishwa dawa chini ya uangalizi. Zaidi ya nusu yao ugonjwa uliwarudia, wengi ndani ya miezi sita, ikabidi warudishiwe dawa. Mfasiri aliyeandika amepona pale ambapo daktari alikusudia nafuu, amemwachisha mgonjwa dawa bila uangalizi wowote. Nafuu ni neno kamili, la zamani, na lina staha: linasema hali ni njema leo na halisemi lolote juu ya kesho. Tunashangaa kuona linakwepwa kana kwamba ni neno la mitaani. (Na sugu nalo lingestahili makala yake lenyewe, maana hutumika kwa ugonjwa wa muda mrefu na pia kwa ugonjwa usiosikia dawa, lukemia iliyotajwa hapa ni sugu kwa maana ya kwanza, na kwa bahati njema mara nyingi si sugu kwa maana ya pili.)

Tumalizie na mfano ambao kosa lake halikuanza kwa Kiswahili. Januari 2015 Cristian Tomasetti na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walilinganisha aina 31 za saratani na idadi ya mara ambazo seli shina za kila tishu hugawanyika katika maisha ya mtu. Kila mgawanyiko ni fursa ya kunakili vinasaba kwa makosa. Waliona kwamba tishu zenye migawanyiko mingi ndizo zenye saratani nyingi: utumbo mpana, ambao seli shina zake hugawanyika mara nyingi zaidi, hupatwa kuliko utumbo mwembamba. Kwa hesabu yao, takriban theluthi mbili za tofauti ya hatari kati ya tishu na tishu zingeweza kuelezwa kwa njia hiyo. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliandika kwamba theluthi mbili za saratani zote ni bahati mbaya. Hayo si mamoja. La kwanza linalinganisha tishu na tishu. La pili linadai kuwahesabu wagonjwa. Saratani ya matiti na ya tezi dume hata hazikuwamo katika hesabu ile, na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko la kupinga tafsiri hiyo mwezi uleule.

Habari ilipofika kwetu, kosa la mbali liliongezewa la nyumbani. Bahati mbaya ikawa mkosi, na mahali pengine nuksi. Mkosi kwa Kiswahili una mwenyewe: mtu hupata mkosi kwa kukosea, kwa kulaaniwa, au kwa kufanyiwa. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba saratani yake ni mkosi ataondoka hospitalini akamtafute aliyemfanyia, na miezi ambayo ingemwokoa itapita huko. Na neno lililohitajika lilikuwapo muda wote. Walimu wa takwimu husema sampuli nasibu, wakimaanisha jambo litokealo bila kuchaguliwa na yeyote. Makosa ya kunakili vinasaba ni makosa nasibu. Hayana mwenyewe, hayana lawama, wala hayaondoi faida ya kuacha tumbaku.

Istilahi seli shina, seli bobezi, seli kisiki, ukoo wa seli na kosa nasibu tunaziweka mbele ya wasomaji ili zijadiliwe kabla ya kufikishwa katika kamati. Kwa seli iliyoacha kugawanyika bado tunatafuta. Wafugaji bila shaka wana neno la kuku aliyeacha kutaga lakini angali anazunguka uani na kuwadonoa wenzake, na wavuvi au wakulima wa minazi huenda wakawa na lao. Mwenye neno la namna hiyo, la lahaja yoyote, tunaomba atuandikie, akitaja mahali linapotumika na, ikiwezekana, sentensi mbili za matumizi yake.